Siku Ambayo Sikuwa Nayo

Hapa mjini Wote ninakofanya kazi, watu wakisikia nililelewa katika kanisa la Kibaptisti kule Nuu, tena lile la watu wagumu, wananipa pole kama mtu aliyefiwa. Ati hakuna kusuka nywele? Hakuna suruali kwa wasichana? Hata kwa harusi ya dada yako huchezi? Naam, huchezi. Jumapili kwetu hata moto wa kupika haukuwashwa. Muthokoi wetu, yale mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe, ulichemka Jumamosi na Jumapili tukaula baridi. Sasa mimi nawauliza hao wenye pole: kwani mmeniona nikilia? Kabla sijaingia darasa la nne nilikuwa nasimama mbele ya watu wazima na kusoma zaburi nzima bila kumeza mate. Niliimba sauti ya pili wakati wenzangu shuleni walijua kupiga kelele tu. Mgongo wangu huu ulinyooshwa na benchi lisilo na mahali pa kuegemea, na sijaona fundi mwingine ambaye angeunyoosha vizuri hivyo. Hiyo pole pelekeni kwingine.

Kitu kimoja tu kilinikera pale, na nilikichukia kwa moyo wote. Ni benchi la mlangoni.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa ya meza ya Bwana. Mahubiri yakiisha, pasta alifunga Biblia, akatutazama, akasema kwa upole, "Wale ambao hawajabatizwa, rudini nyuma." Hapo tuliinuka, watoto na wageni na wale waliofungiwa kwa makosa yao, tukaenda kuketi kwenye benchi lililokuwa kando ya mlango, mahali upepo unaleta vumbi. Kutoka huko nilikuwa naona kisogo cha susu yangu. Susu ni nyanya, kwetu Wakamba. Yeye ndiye alinilea, kwa sababu mama alikuwa mjini Sultan Hamud akiuzia wasafiri chakula kando ya barabara ya Mombasa, na alinileta Nuu nikiwa bado nanyonya. Mimi na susu tulikula kila kitu katika sahani moja. Mkate wa meza hiyo tu ndio alikula bila mimi. Alikuwa amezeeka, miguu imeanza kumsumbua, nami niliogopa siku moja ataondoka duniani kabla sijaketi kando yake mezani. Nilitaka kuketi pale. Hiyo tu.

Lakini kwetu mtoto mchanga habatizwi, wala huendi tu ukasema unataka. Kwanza unakaa darasa la ubatizo kila Jumamosi mchana, miezi na miezi. Kisha Agosti, shule zikifungwa, unasimama mbele ya washirika wote baada ya ibada, uso wako ukiwaangalia, na unatoa ushuhuda: uliokoka lini, wapi, na Bwana alikutoa wapi. Halafu pasta anauliza nani anakubali upokewe. Mikono inainuka, au haiinuki. Kila aliyebatizwa ana mkono mmoja. Wa pasta hauna uzito zaidi ya wa mama anayefagia kanisa, na jambo hilo hadi leo linanifanya nitembee nikiwa nimeinua kichwa. Niliona demokrasia kabla sijasikia jina lake shuleni.

Mara ya kwanza nilisimama na binamu yangu. Alikuwa amekuja kwetu kutoka Sultan Hamud kusoma, na ule mji wa reli na malori ulikuwa umemfundisha kuongea. Yeye akatangulia. Alisema lori lilimkosa kwa unywele, akaona mwanga, akasikia jina lake likiitwa, na alipoinuka kando ya barabara akawa mtu mpya. Wueh! Akina mama wakasema amina mpaka mabati yakaitikia. Mikono iliinuka yote. Hata leo hana kovu la kuonyesha, na nikimuuliza hilo lori lilikuwa rangi gani, kila mwaka lina rangi nyingine.

Ikawa zamu yangu. Maswali yote ya darasa niliyajua, aya nilizisema kwa mfululizo. Kisha shemasi, mzee mrefu aliyekuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo pale senta, akauliza lile swali.

"Binti, uliokoka siku gani?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki, ama bado haijafika?"

"Sikumbuki kama kuna wakati sikuwa nimeokoka."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Shemasi hakucheka. Alisema kwa sauti ya mtu anayefikiri kweli, "Ndugu zangu, huyu hajui siku aliyozaliwa mara ya pili. Sisi tutajuaje kama amezaliwa?" Pasta akauliza nani anakubali. Mikono michache ikapanda, kwa huruma. Sikuihesabu. Nilikuwa natafuta mmoja, na huo mmoja ulikuwa umelala juu ya Biblia kwenye paja la susu.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani alitangulia, akatembea haraka kuliko miguu yake ilivyoweza. Nilimfikia kwa hasira.

"Susu, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Hukuinua mkono!"

"Huu mkono si wangu, ni wa kanisa," akasema bila kugeuka. "Nikiuinua kwa sababu wewe ni damu yangu, utakuwa na faida gani? Uliulizwa swali. Hukujibu."

Niliumia, siwezi kudanganya. Lakini nilimheshimu pia, hata nikiwa nimefura vile. Watu wangapi wangekataa kumpa mjukuu wao kura? Huyo ndiye mwanamke aliyenilea. Jioni alinichotea chakula kama kawaida, katika sahani yetu moja, na akanisukumia upande wenye maharagwe mengi.

Baada ya hapo susu akaanza kunitafutia siku. Sijui niseme vipi. Kila mkutano wa injili uliosikika, tulikuwepo. Tulienda krusedi mjini Mwingi, tukasimama juani na vumbi, mhubiri akipiga kelele mpaka spika zikakwaruza. Alipoita watu waje mbele, susu alinifinya mkono kwa kucha. Nilienda mbele. Niliwekewa mikono kichwani, nikaombewa, nikatolewa jasho. Nilirudi vile vile nilivyoenda, viatu tu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Susu alinitazama usoni kama mtu anayeangalia kama chungu kimeanza kuchemka.

"Umesikia kitu?"

"Nimesikia njaa."

"Ngai wakwa!" akasema. Mungu wangu! Kisha akanunua mandazi.

Binamu yangu naye alinionea huruma, akataka kuniazima ushuhuda. "Chukua wa nyoka," aliniambia tukichunga mbuzi. "Sema nyoka alipita juu ya mguu wako ukiwa unaokota kuni, ukaliita jina la Yesu, nyoka akageuka. Nyoka hakosi kura." Susu, aliyekuwa akipepeta mtama nyuma ya ghala, alimsikia. Alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi," akaendelea kupepeta, na binamu yangu hakula kwa raha siku hiyo.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na silanga letu, lile bwawa la udongo ambalo kanisa lilibatizia watu, likabaki matope, kisha nyufa. Makanisa mengine pale senta yalibatiza kwa kunyunyiza, kikombe kimoja kikatosha ukoo mzima. Watu walimwambia pasta wetu naye anyunyize, Mungu anaona ukame. Pasta akajibu kwamba neno ni kuzamishwa, na kama silanga limekauka, tutachimba. Kwa hiyo sisi vijana tukashuka mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi, lakini ukichimba, maji yapo chini. Tulichimba shimo la watu kusimama ndani, tukazungushia mawe ili mchanga usirudi, maji yakaanza kupanda taratibu, ya rangi ya chai. Nilichimba pamoja na wengine nikijua huenda nachimba ubatizo wa watu wengine. Nilichimba kwa nguvu hata hivyo. Kazi ya kanisa sikuwahi kuifanya kwa uvivu, na sitaanza kujisingizia sasa.

Januari ile iliyokuwa mbele nilikuwa nahamia shule ya bweni, upande wa Makueni. Ikiwa Agosti hiyo ingepita bila mimi, ningeondoka nikiwa mtu wa benchi la mlangoni, na susu angeendelea kula mkate ule peke yake. Nilijua. Kila mtu nyumbani alijua.

Siku moja kabla ya kusimama, shemasi alikuja kwetu. Alikaa kwenye kigoda, akakubali uji, akamuuliza susu habari za miguu. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya baba.

"Binti, wewe ni mtoto mzuri. Usitusumbue kesho. Ulienda mbele kwa ile krusedi ya Mwingi, si ndiyo? Watu walikuona. Sema ilikuwa hapo. Imeisha."

Nilimwangalia susu. Alikuwa anachambua kunde kwenye ungo, mbovu huku, nzima kule, na hakuinua macho. Shemasi alipoondoka nilingoja aniambie la kufanya. Hakuniambia. Jamani, mwanamke huyo! Alinipa ungo, akasema, "Malizia."

Jumapili ikafika. Nilivaa sketi yangu ya bluu iliyofika chini ya magoti, kitambaa kichwani, nikasimama mbele. Niseme ukweli, ile krusedi nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa imeiva, ilikuwa inangoja kudondoka tu. Sentensi moja na ningekuwa ndani.

"Haya, binti," pasta akasema. "Uliokoka lini?"

"Pasta, sina siku."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Nilinyoosha mgongo, hilo nashukuru benchi.

"Nilienda mbele kwa krusedi, ni kweli. Susu anajua, alinifinya." Watu wakacheka kidogo. "Lakini nikisema niliokoka pale, nitakuwa namwambia Yesu kwamba kabla ya hapo sikumjua, na nilimjua. Nilimkuta kwa nyumba. Nilimkuta vile nilimkuta susu. Hakuna mtu hapa ameniuliza ni siku gani nilijua susu ni susu."

Shemasi akasimama. "Maneno ni mazuri," akasema, na nadhani aliyapenda kweli, "lakini kanisa lina utaratibu wake. Tukimpokea huyu bila ushuhuda, kesho tutampokea nani?"

Ndipo susu akainuka. Katika kanisa letu mama haongei kikaoni mpaka apewe nafasi, na pasta akamkumbusha kwa heshima, "Mama, ngoja upewe nafasi."

"Nimengoja mwaka mzima," susu akasema.

Hakuna aliyethubutu kumkalisha.

"Siku yangu mimi mnaijua," akaendelea. "Kila mwaka mnaniambia niwape ushuhuda, na mnaupenda. Mnapenda nikisema vile nilikuwa nacheza kilumi, vile nilikuwa nakunywa pombe ya miwa mpaka nilale njiani, na Bwana akaniokota. Sijawahi kuwaambia yote."

Kilumi ni ngoma ya zamani ya wanawake wa kwetu, ngoma ya pepo, na kanisani jina hilo lilitajwa tu kwa kukemewa. Lakini susu hakuikemea siku hiyo.

"Nilikuwa na mtoto mgongoni. Msichana. Alikuwa na homa. Mimi nilikuwa nimelewa, nikacheza, nikacheza, nikimsikia amenyamaza nikafikiri amelala. Mwanamke mwenzangu ndiye aliyemgusa mguu. Ngoma haikumuua, homa ndiyo ilimuua. Lakini mimi mama yake nilikuwa nacheza na maiti na sikujua." Alivuta leso yake, akaifunga tena vizuri begani. "Hiyo ndiyo siku yangu. Ndiyo mnaita ushuhuda. Huyu alipoletwa kwangu akiwa mdogo hivi, nilimfunga mgongo ule ule, nikamleta hapa, nikamwambia Mungu: huyu asiwe na siku. Huyu akue akikujua tu, asiwe na siku ya kutolewa mahali. Mwaka jana aliposema hana, nilishtuka, nikafikiri nimemlea vibaya. Nikaanza kuzunguka naye kumtafutia siku kama mjinga. Mimi mwenyewe niliomba asiwe nayo, na Mungu alinisikia, halafu mimi nikasahau niliomba nini."

Akamgeukia shemasi. Hakuwa na hasira. "Mnamuuliza alitolewa wapi. Hakutolewa mahali. Mimi nilimkataza Mungu asimpeleke huko."

Mabati yalikuwa yanatoa ule mlio wa jua kali. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilikuwa nimekula na huyu mwanamke sahani moja maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba mgongo ulionibeba ulikuwa umembeba yule mwingine.

Pasta akavua miwani, akaivaa. "Wanaokubali binti huyu apokewe kwa ubatizo," akasema, "wainue mikono."

Safari hii pia nilitafuta mmoja tu. Sikuhangaika kuutafuta, kwa sababu susu alikuwa bado amesimama na mkono wake ulikuwa juu kupita yote. Halafu nikaona mingine, benchi baada ya benchi. Wa shemasi ulichelewa. Aliutazama kwanza, kama ni mzigo, kisha akauinua, na akauacha juu mpaka wa mwisho.

Walinibatiza Jumamosi iliyofuata katika lile shimo nililochimba kwa mikono yangu. Maji yalitufika magotini tu, kwa hiyo pasta alipiga magoti, nami nikaketi, akanilaza chali. Maji yakaingia masikioni, nikafumba macho. Nikiinuliwa nikasikia sauti ya shemasi kutoka ukingoni: "Bado! Kipaji cha uso hakikuingia!" Kwetu kuzamishwa ni kuzamishwa. Nikarudishwa chini, kipaji na kila kitu. Watu wakaimba huku wakicheka. Nilitoka na mchanga kwenye meno, susu akanifunika leso, akanisugua kichwa kwa nguvu kama mtoto mdogo mbele ya kwaya nzima. Wenzangu walibatizwa mara moja. Mimi mara mbili, na msimamizi ni shemasi mwenyewe. Nani ataniambia ubatizo wangu haukushika?

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, pasta alisema, "Wale ambao hawajabatizwa, rudini nyuma," na sikuinuka. Sahani ya mkate ilipofika kwetu susu alichukua kipande chake, kisha akaishika sahani huku akinitazama nikichukua changu, asije mtu akaipitisha haraka. Tulikula pamoja. Ulikuwa mkate mkavu wa dukani, na sijaonja kitu kama hicho tena.

Mwaka uliofuata nilirudi kutoka shule likizo ya Agosti. Mvua ilikuwa imenyesha, silanga limejaa. Baada ya ibada pasta akaita wanaotaka kubatizwa wasimame mbele, na wa kwanza alikuwa binti wa shemasi. Msichana mpole, hata huko shuleni hakuwahi kuitwa ofisini. Baba yake alikuwa ameketi benchi la mbele, viganja juu ya magoti.

"Uliokoka lini?" pasta akauliza.

Msichana alimwangalia baba yake. Kisha akatuangalia sisi, akatafuta, akanipata mimi na susu tukiwa tumeketi pamoja.

"Sina siku," akasema.

Shemasi alifumba macho. Hakuna aliyecheka. Pasta akauliza nani anakubali, na mkono wangu ulikuwa umeshapanda kabla hajamaliza swali. Ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani. Niliunyoosha mkono mpaka bega likauma. Mikono mingine ikafuata, wa shemasi ukiwa miongoni mwa ya kwanza safari hii, na pasta akasema asanteni, amepokewa, watu wakaanza kuteremsha mikono.

Susu akanigusa kwa kiwiko. "Teremsha mkono sasa," akaninong'oneza. "Wamekuona."

"Wacha waone tena," nikamwambia.

Aligeuka, akanitazama. Kisha akauinua wake tena, kando ya wangu.